Barua ya wazi kwa wakubwa wa jeshi: redio mnanunua, na mtu wa redio je?

Afande wote wakubwa wa ulinzi, pamoja na waheshimiwa wabunge mnaopitisha bajeti ya jeshi,

Nawasalimu kutoka Arua, Uganda. Mimi ni mstaafu, jina langu halina kazi hapa, miaka 22 nimebeba redio mgongoni na sasa nina kibanda cha kutengeneza simu na redio karibu na soko, na huo mgongo mpaka leo unanikumbusha kila mvua ikitaka kunyesha. Siandiki kuomba pesa, yangu nilishapata. Naandika kwasababu ya kijana mmoja.

Alikuja wiki iliyopita na simu kioo kimepasuka. Mimi nikaona tu vile ameshika bisibisi yangu nikajua huyu ni wetu. Tukaanza kuongea, kumbe amesomea redio mwaka mzima, anajua masafa, anajua koodi za kuficha maneno, antena anapima mwenyewe, mtoto ameiva kabisa. Nikamuuliza sasa wamekuweka stesheni gani, akacheka, akasema mzee mimi nafungua geti. Geti! Miezi 8 anafungua geti na kuandika namba za magari kwenye daftari, na chumba cha redio kiko pale pale nyuma yake, ndani amekaa mtu ambaye hajasomea hata siku moja, ati kwasababu mwandiko wake ni mzuri. Kikosi sitakitaja na kijana sitamtaja, kwahiyo msianze kumtafuta, shida yangu sio kikosi kimoja. Lakini usiku ule usingizi haukuja, nikasema bora niandike.

Watu wengi wakisikia signal, yaani kazi ya mawasiliano ya jeshi, wanafikiria yule askari anayesimama nyuma ya komanda na sanduku lenye fimbo ndefu. Siku ya parade hakuna anayempigia makofi, wanapigia vifaru, wanapigia ndege, wanapigia wale wa kutembea kwa hatua moja. Sasa hebu jiulizeni komanda ana nini mkononi. Ana bastola na mdomo. Na mdomo wa mtu hata awe na sauti ya muadhini, mbele ya risasi mita 200 umeisha. Zaidi ya hapo ukubwa wake wote unapita kwenye waya wa yule wa nyuma. Mizinga ipige wapi, majeruhi achukuliwe wapi, posho ya kula ipelekwe mlima gani, ndege isimpige nani, hayo yote yanaanza kama maneno na maneno lazima yabebwe na mtu. Hata nyinyi wakubwa mkihamishwa au mkipandishwa cheo, habari inashuka kwa redio mesej, na kuna mtu alikesha macho mekundu akaipokea neno kwa neno, na kesho yake hakuna aliyemkumbuka kwenye sherehe.

Na kazi yenyewe sio kuongea tu. Kuna wa kuvuta waya wa simu kwenye mahandaki, kuna wa kutunza koodi na kuzibadilisha kabla adui hajazizoea, kuna mafundi, kuna wanaokaa kusikiliza upande ule mwingine, na siku hizi kuna kompyuta na setilaiti na wale wa kuziba droni isione njia. Sisi hapa Uganda tungekuwa wa kwanza kuelewa hii kitu. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai 1976, Waisraeli walipokuja Entebbe kuokoa mateka, kila mtu anakumbuka makomando na ile Mercedes nyeusi, hata watoto wanaijua. Wachache wanakumbuka kwamba juu kabisa kulikuwa na Boeing 707 inazunguka tu, haipigi risasi hata moja, ndani wamekaa wakubwa wao na redio zao wanafuatilia kila kitu kinachotokea chini na kuunganisha na kwao. Walitoka mbali vile na bado wakaona ndege nzima ya mawasiliano sio hasara.

Sasa niwape ya kwangu, na ni aibu yangu mwenyewe, simsingizii mtu.

Mwaka wa 1999 tulikuwa Rwenzori, ule wakati wa kufukuza waasi wa ADF. Anayeijua ile milima anajua, asiyeijua aangalie tu kwenye ramani vile mistari imebanana. Redio ya VHF ni kama tochi, inaenda moja kwa moja, ukiweka mlima mbele imekufa. Sisi tulikuwa ndani ya bonde, kushoto ukuta, kulia ukuta, ukungu, matope mpaka kwenye magoti. Posho ilikuwa imeisha jana yake. Mwenzetu mmoja malaria ilimshika vibaya mpaka anaongea na mama yake, na mama hayupo. Watu 40 wote wananiangalia mimi. Banange, kama hujawahi kuangaliwa na watu 40 wenye njaa wakati redio yako inatoa tu shhhhh, bado hujaijua hii kazi.

Nikatoa redio ya HF. Hii yenyewe haipambani na mlima, inapiga juu angani alafu inarudi chini, kama mpira ukiudundisha kwenye dari. Lakini dari lenyewe halitulii, mchana liko hivi usiku liko vile, ndio maana mchana unapanda masafa na usiku unashuka, na urefu wa waya unafuata masafa. Kwenye megahezi 7 unataka waya wa mita 20 na kidogo, nusu huku nusu kule. Tochi hairuhusiwi, futi ya kupimia hakuna, unapima kwa mikono, ukinyoosha yote miwili mimi napata kama mita 1.7, kwahiyo mara 6 upande huu na mara 6 upande ule. Alafu unafunga jiwe kwenye kamba unarusha juu ya tawi gizani. Lilirudi kunipiga mara ya kwanza begani, mara ya pili begani pale pale, sijui mara ya ngapi ndio likashika.

Kosa langu la kwanza ni hapo. Jua limezama zamani na mimi bado niko kwenye masafa ya mchana, kwa haraka na kwa njaa. Nikaita kambi yetu, kilomita kama 40 tu, kimya. Nikaita tena, kimya. Sauti yangu ilikuwa inawaruka juu ya vichwa inaenda kuanguka mbali huko. Nikaendelea hivyo hivyo, napumzisha betri, naita, napumzisha, mpaka karibu na alfajiri ikaja sauti nyembamba kama ya mtu aliyeingiza kichwa kwenye mtungi. Akasema, nakusikia, kambi yako haikusikii, nipe ujumbe nitaufikisha mimi. Nikamuuliza uko wapi. Akasema Gulu.

Gulu! Zaidi ya kilomita 350, mtu ambaye sijawahi kumuona, hana deni na mimi, ameacha chai yake ananisikiliza. Nikampa namba za ramani, tarakimu 6, moja moja, pole pole. Ya pili ilikuwa sita. Akanirudishia zote kama sheria inavyosema, na mimi nikasikia sita, kwasababu ndio niliyokuwa nataka kusikia. Yeye alikuwa amesema tisa.

Ile tarakimu ya pili kwenye ramani ni ya kilomita. Sita ikiwa tisa umekosea kilomita 3. Karamoja kwenye tambarare kilomita 3 mtu anakupungia mkono. Rwenzori kilomita 3 ni mlima mwingine. Waliobeba posho yetu wakapanda mlima mwingine, wakangoja, wakalala, wakashuka wakitutukana, na sisi tukakaa siku mbili na maji ya moto yenye chumvi. Mgonjwa tulimbeba kwenye miti tukabadilishana mabega. Hakufa, Mungu mkubwa. Yuko Masaka anauza matooke, na akinipigia simu jina langu halitaji, ananiita Afande Tisa.

Miaka yote hii nimekaa na hiyo kitu kichwani. Opareta wa Gulu hakukosea utaratibu, na mimi ujumbe nilirudishiwa. Tatizo ni lugha yenyewe. Sita na tisa ni herufi zile zile nne, umebadilisha tu s na t nafasi zake. Kwenye meza ya chai hakuna shida. Weka kelele ya HF, weka mvua, weka mtu amechoka, zinakuwa neno moja. Na wenye Kiingereza walishaona shida ya namna hiyo kwao, ndio maana kwenye redio ile tisa yao wanaivuta wanasema naina, na tano yao wanasema faifu, mtu wa kawaida akisikia anacheka lakini kule watu hawapandi mlima usio wao. Sisi tumechukua utaratibu wao, tumechukua ova na roja, alafu namba tumeziacha vile tunazitaja sokoni.

Na dawa iko ndani ya Kiswahili hiki hiki wala haitaki tenda. Wazee wa Kiswahili walikuwa wanahesabu nane, kenda, kumi. Kenda! Haifanani na sita hata kwa mbali. Muganda ukimwambia kenda anakuelewa bila darasa, kwake ni mwenda, na Munyankole pia ni mwenda. Andikeni kwenye kitabu cha utaratibu kwamba kwenye redio tisa hakuna, kuna kenda. Karatasi moja na saini moja.

Najua mkubwa mmoja atasema mambo ya Kiswahili tuwaachie wizara ya elimu. Hapana afande. Kiswahili cha jeshi ni cha zamani kuliko Uganda yenyewe kupata uhuru. King's African Rifles, lile jeshi la mkoloni Mwingereza huku kwetu, iliundwa 1902, na maofisa wa Kiingereza walilazimika kujifunza Kiswahili ili waongee na askari wao, mpaka kile Kiswahili chao kilichokatika katika kikapata jina lake, KiKAR. Tukakirithi na ubaya wake pia, maana nyinyi mnajua, kuna nyumba nyingi Buganda mpaka leo mzee akisikia Kiswahili anafikiria askari wa Amin wa miaka ya sabini anagonga mlango usiku. Hiyo historia simlaumu mtu akiikumbuka. Lakini katiba tangu marekebisho ya 2005 inasema Kiswahili ni lugha ya pili ya kiserikali, na jeshini tulikuwa tunakitumia kabla ya katiba kukumbuka. Kukitumia tunakitumia, kukifundisha kwa ajili ya redio ndio bado nakuombeni.

Angalieni tunakoenda. Somalia tumeingia Machi 2007, mwisho wa mwaka huo huo Warundi wakaja, baadaye 2012 na Wakenya wakaingia kwenye kikosi cha Umoja wa Afrika. Mrundi wa kawaida kwenye handaki hana Kiingereza, ana Kirundi na Kifaransa kidogo, lakini Kiswahili anacho. Ukienda Congo ndio zaidi, kuanzia Novemba 2021 tuko Ituri na Kivu Kaskazini kwenye Operesheni Shujaa pamoja na jeshi lao, na kule lugha ya kuelewana ni Kiswahili, ila cha kwao kina njia zake. Mcongomani anaweza kuongea na wewe Kiswahili kitamu kabisa na namba zikifika anaruka kwenye Kifaransa bila kujua kwamba ameruka. Sasa wewe unampa saa na mahali pa kukutana, yeye anaandika kwa Kifaransa kichwani, anakurudishia kwa Kiswahili, na wote mna bunduki. Kwangu mimi hapo ndio pa kuweka kitabu kimoja kidogo cha Kiswahili cha redio, namba, saa, pande za dunia, majeruhi wangapi, simama usipige, kila mmoja akishike kichwani. Sio kitabu kinene. Kiingie mfuko wa shati.

Narudi kwa yule wa Gulu. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba kutusaidia sisi ilikuwa bahati tu, kazi yake ya kila siku ilikuwa kusikiliza. Kaskazini kule Kony, mkubwa wa waasi wa LRA, na makomanda wake walikuwa wanaongea kwa HF kwa saa walizopanga, na upande wa serikali kulikuwa na watu, wa jeshi na wa ISO, ile idara ya usalama wa ndani, na wa polisi, kazi yao ni kukaa na hedifoni masikioni wanaandika. Na wale LRA hawakuwa wajinga, walikuwa na koodi yao waliyoiita TONFAS, walikuwa na majina ya bandia, na katikati wanachomeka methali za Kiacholi ambazo hata ukijua Kiacholi cha sokoni huzipati. Msikilizaji anatakiwa ajue kwamba huyu anayekohoa hivi ni fulani, huyu anayevuta maneno ni fulani, leo amekasirika, jana alikuwa amevuka mto. Hiyo hainunuliwi dukani. Inakaa kwenye sikio la mtu mmoja baada ya miaka.

Na waliandika. Kila siku, kwenye daftari. Mengine wakarekodi kwenye kaseti. Nani alijua wakati ule kwamba hayo madaftari yatapanda ndege? Yalifika The Hague, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kwenye kesi ya Dominic Ongwen, komanda mmoja wa LRA, na wasikilizaji wenyewe wakasimama kutoa ushahidi. Tarehe 4 Februari 2021 wakamkuta na hatia kwa mashtaka 61 kati ya 70, mambo ya kushambulia kambi za wakimbizi wa ndani za Pajule, Odek, Lukodi na Abok, Mei mwaka huo akapewa miaka 25, na Desemba 2022 rufaa ikakataliwa. Ushahidi ulikuwa mwingi, na walionusurika ndio walibeba mzigo mkubwa zaidi kusimama pale na kusema. Lakini redio zile ziliingia kwenye hukumu, na ziliingia kwasababu opareta mwenye mshahara mdogo aliandika saa, masafa, nani kasema, na hakuruka mstari. Sasa mimi nawauliza, yule mwenye mwandiko mzuri mliyemuweka kwenye chumba cha redio ndio ataandika hivyo? Anajua anachosikiliza?

Kuna na upande wa pili wa sikio, sisi pia tunasikilizwa. Agosti 1914 jeshi la Urusi lilitembea kuingia Prussia Mashariki likitoa amri kwa redio bila koodi, Wajerumani wamekaa wanaandika tu kama watoto wa imla, na pale Tannenberg jeshi zima la Samsonov likaisha. Mtu atasema hayo ni ya babu. Haya, usiku wa mwaka mpya 2023, Makiivka kule Ukraine, Warusi hao hao, askari wamejazwa kwenye jengo moja, kila mtu ana simu anapigia nyumbani heri ya mwaka mpya, roketi zikaja. Wizara yao wenyewe ya ulinzi ilisema wamekufa 89 na kwamba sababu kubwa ni simu.

Na sisi? Nimeona kwa macho haya mkubwa mmoja, sitamtaja, anatuma amri kwenye grupu ya WhatsApp kwasababu redio eti inachelewesha. Grupu ina watu, kuna waliohamishwa zamani hawajatolewa, kuna mmoja simu yake mke ndio anakaa nayo. Amri ya kutoka saa fulani kwenda mahali fulani, na emoji ya mkono wa kuomba mwishoni. Nilicheka kwa nje tu.

Lakini hapa sitaki mnielewe vibaya mkakimbilia kunyang'anya vijana simu. Mlishawahi kunyang'anya, wakaficha kwenye gamubuti, wakaficha kwenye gunia la maharage, mimi mwenyewe nimewahi kutengeneza simu iliyoiva pamoja na maharage. Kijana ana mke amejifungua juzi, mwambie asipige simu miezi 6, atatafuta njia na itakuwa njia mbaya. Mtu wa signal ndio wa kumtumia hapo. Muwekeni laini salama ya nyumbani, kila askari dakika zake kwa wiki, mahali ambapo haionyeshi kikosi kiko wapi, alafu ndio mkataze zile zingine na mtu ataelewa.

Betri sitaongea sana. Redio mpya inakuja kwenye boksi zuri na picha zinapigwa, miaka miwili betri zimevimba, bajeti ya betri hakuna, redio inakuwa pambo. Sisi zamani tulikuwa na dainamo ya mkono, mmoja anasaga mwingine anaongea, ukichoka sauti inakufa. Kusaga kwenyewe kulikuwa kubaya lakini haikuhitaji kusubiri meli. Mkinunua redio 1 andikeni na betri zake za miaka yote kwenye karatasi ile ile, waheshimiwa wabunge hili ni lenu.

Na msidanganywe na wauzaji kwamba mashine itafanya yenyewe. Leo Ukraine kuna droni zinaruka huku zinavuta nyuma uzi mwembamba wa kioo kilomita na kilomita, kwasababu redio zote zinazibwa angani. Waya imerudi! Ile waya tuliyokuwa tunachekwa tukiivuta kwenye matope, imerudi na wasomi. Kwahiyo mnayemfundisha akijua kitufe tu, kitufe kikizibwa amekwisha. Akijua kwanini, atatafuta mti na jiwe.

Basi mimi naomba hivi. Yule kijana na wenzake, warudisheni kwenye redio. Mtu akishasomea hii kazi akae ndani yake na apande cheo ndani yake, asilazimike kuikimbia ili awe sajenti, maana hivi sasa anayetaka kupanda anaomba kwenda kwenye bunduki, na anayebaki na hedifoni anaonekana ni mvivu au mgonjwa. Geti lifunguliwe na wa geti. Kile kitabu kidogo cha Kiswahili cha redio kiandikwe na watu waliokuwa kwenye milima na kwenye vumbi la Somalia, sio na ofisi peke yake, na Wakenya na Watanzania na Wacongomani waulizwe, kwasababu siku ya shida ndio tutaongea nao. Na wasikilizaji wa kaskazini, wale ambao bado wapo, wengine masikio yameshaanza kugoma, waiteni wakafundishe kabla hatujawazika na hayo wanayoyajua. Msiwape medali kama hamtaki. Wapeni darasa, chai, na nauli ya kurudi.

Mimi mwenyewe kufundisha nitafundisha bure. Kibanda kiko wazi saa mbili mpaka jioni isipokuwa Jumapili, kijana yeyote wa signal anayetaka kujua kupima waya kwa mikono na kuurusha gizani bila tochi aje, mwembe uko nyuma ya kibanda na mwenye mwembe nimeshaongea naye. Ila aje na jiwe lake, hapa karibu na soko wameweka lami, mawe yameisha.

Mstaafu wa redio, Arua
(Afande Tisa)